Dawa za Kichina na Mifupa: Uliza Kwanza, Meza Baadaye

Msafiri wa barabara ya Nairobi kwenda Nakuru hapiti Kikopey kwa urahisi. Moshi wa nyama choma humsimamisha. Akiondoka huacha mezani rundo la mifupa ya mbuzi, na pengine amekunywa supu yake akiamini kwamba mfupa hujenga mfupa. Wengine, hasa akina mama waliokoma hedhi, huniuliza kuhusu dawa za mitishamba za Kichina za kuimarisha mifupa. Je, zinafaa? Juma hili tulichambue swali hilo.

Mfupa ni kitu hai

Mfupa si kama jiwe. Kila siku mwili hubomoa sehemu kidogo za mfupa na kujenga nyingine. Hadi umri wa miaka 30 hivi ujenzi hushinda. Baadaye ubomoaji huanza kuongoza, na kwa mwanamke huenda kasi anapokoma hedhi kwa sababu homoni ya estrojeni, iliyokuwa ikiilinda mifupa, hupungua. Wanaume nao hawakusazwa, ingawa kwao hali hii huja polepole.

Mifupa ikipungua hivyo huitwa osteoporosi. Haiumi wala haitoi ishara. Mtu hujikwaa mlangoni, akaanguka kidogo tu, mara amevunjika kifundo cha mkono au nyonga. Mzee aliyevunjika nyonga mara nyingi hapati tena nguvu alizokuwa nazo.

Wachina wanasema nini?

Katika tiba ya jadi ya China, figo ndizo zinazotawala mifupa. Mfupa ukidhoofika, mganga huziimarisha figo. Ajabu ni kwamba sayansi ya leo nayo inajua kuwa figo ndizo zinazokamilisha utengenezaji wa vitamini D, ambayo bila hiyo mwili hauwezi kufyonza kalsiamu vizuri. Lakini kufanana huko si ushahidi kwamba dawa inaponya.

Dawa zinazotumika sana ni ganda la mti wa du zhong, shina la kangaga liitwalo gu sui bu, na majani ya yin yang huo. Hayo ya mwisho ndiyo yamechunguzwa zaidi. Mwaka 2007 watafiti wa China walichapisha matokeo ya jaribio la wanawake 100 waliokoma hedhi. Kwa miezi 24 baadhi yao walipewa viini vya mmea huo na wengine vidonge visivyo na dawa, na wote walipewa kalsiamu. Waliomeza viini hivyo hawakupoteza mfupa kama wenzao.

Hiyo ni habari njema, lakini tuisome kwa makini. Wanawake 100 ni wachache. Kilichopimwa ni uzito wa mfupa, si idadi ya waliovunjika. Tena dawa yao ilipimwa kipimo maalumu, nawe huwezi kujua kama pakiti unayouziwa ina kipimo hicho.

Hatari iliyojificha

Mama mmoja wa miaka 60 na ushei aliletwa kwangu akiwa amevunjika mkono. Uso wake ulikuwa umevimba ukawa wa mviringo, na sukari yake imepanda. Kwa miaka miwili alikuwa akimeza vidonge vya "mitishamba" vya magoti, vilivyofungwa katika karatasi isiyo na jina. Vilimtuliza maumivu kwa siku mbili tu, naye akavisifu kwa majirani. Dalili zake zilikuwa za mtu aliyetumia steroidi muda mrefu.

Steroidi hutuliza maumivu haraka, lakini ikitumiwa kwa muda hula mfupa. Mamlaka za dawa za Hong Kong, Singapore na Marekani zimewahi kuigundua ndani ya dawa zilizouzwa kama mitishamba mitupu. Mgonjwa hununua kinga ya mfupa, kumbe amenunua mchwa wa mfupa.

Kwa hiyo, kabla ya kununua, uliza: Je, imesajiliwa na Bodi ya Dawa na Sumu? Je, viungo vyote vimeandikwa? Dawa inayotuliza maumivu mara moja bila kutaja kilichomo, iogope. Na kama umekwisha kuimeza kwa majuma kadhaa, usiiache ghafla. Huenda mwili umesahau kutengeneza homoni yake wenyewe, na kuacha ghafla kukahatarisha maisha. Ipeleke kwa daktari akuachishe polepole.

Kinga iliyo mikononi mwako

Supu ya mifupa ni tamu, lakini kalsiamu yake ni kidogo. Mwanamke aliyepita miaka 50 anahitaji miligramu 1,200 kwa siku. Gilasi moja ya maziwa au mala ina takriban 300. Omena wanaoliwa wazima na sukuma wiki pia husaidia. Ota jua. Punguza pombe na uache sigara.

Mfupa hupenda kubebeshwa uzito. Tembea kwa miguu nusu saa kila siku na upande ngazi. Hapa Wachina wametuachia zawadi isiyo na shaka nyingi: taichi, mazoezi ya polepole ambayo yamethibitika kupunguza kuanguka kwa wazee.

Wakazi wa Kikopey, Gilgil na Elementaita wakumbuke pia maji. Visima vingi vya Bonde la Ufa vina floridi inayopita miligramu 1.5 kwa lita, kiwango cha juu kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani. Ndiyo inayotia meno rangi ya kahawia, na ikizidi kwa miaka mingi hukaza viungo na kuufanya mfupa uvunjike kwa urahisi. Kuchemsha hakuiondoi. Pima maji ya kisima chako.

Ukiwa umekoma hedhi mapema, au umewahi kuvunjika kwa kuanguka kidogo, au umetumia steroidi, mwone daktari akupime uzito wa mifupa. Zipo dawa zilizothibitishwa kuzuia kuvunjika. Ukitaka kuongeza ile ya Kichina, mwambie bila kuficha, maana dawa mbili zisizojuana zaweza kugombana mwilini mwako.