Kabla Hujaituma Hiyo Picha

Haya wadogo zangu mnaoshika kamera, leo zamu yenu. Najua mnavyohangaika: Jumamosi harusi, Jumapili kipaimara, katikati ya wiki picha za pasipoti, usiku mnapekua matangazo ya mashindano mkijiuliza kama mnaweza. Mnaweza. Kinachowaangusha wengi ni pupa: picha inatumwa kabla haijachaguliwa vizuri, na masharti hayajasomwa.

Picha iliyopata laiki nyingi isikudanganye. Mara nyingi watu wamempenda bibi harusi, picha yenyewe hawakuitazama. Mwonyeshe mtu ambaye hakuwepo siku ile, nyamaza, msikilize anaona nini. Kama haelewi mpaka umsimulie, iweke pembeni. Wala usidhani lazima upate kitu kisichowahi kupigwa. Simba wa Serengeti wanapigwa picha na kila mtalii, lakini mwaka 2014 Mmarekani Michael Nichols alitwaa taji la Wildlife Photographer of the Year kwa simba haohao: majike watano wa kundi la Vumbi, wamejilaza juu ya mwamba na watoto wao. Alikuwa amewafuata karibu miezi sita, hadi wakamzoea. Sasa wewe unayepita feri ya samaki kila alfajiri, wachuuzi wanakuita kwa jina, unatafuta nini mbali?

Kuhariri nako kuna mipaka yake, hasa kwenye picha za habari. Mwaka 2010 Stepan Rudik wa Ukraine alinyang'anywa tuzo ya World Press Photo. Picha yake ya mkono unaofungwa bandeji aliikata sana, akaigeuza nyeusi na nyeupe, na hayo hayakumponza. Kilichomponza ni kipande cha mguu wa mtu kilichochungulia nyuma ya ule mkono, alikifuta. Waandaaji walipolinganisha na faili la awali, mguu ukaonekana. Kwa hiyo mdogo wangu, usifute RAW zako ili kupata nafasi kwenye memori kadi. Nunua diski ya kuhifadhia kwanza, lenzi mpya itafuata.

Tuje kwenye vigezo na masharti, na hapa nakuomba usiruke hata mstari. Tafuta panapozungumzia hakimiliki. Waandaaji kuomba kuitumia picha kutangaza shindano na maonyesho yake, jina lako likiwa chini, ni jambo la kawaida. Ukikuta wanataka haki zote, kwa matumizi yoyote, milele, tena hata kwa picha zisizoshinda, achana nao. Wanakusanya picha za bure. Kesho utamkuta yule mama muuza mihogo uliyempiga picha kwenye bango kubwa barabarani, yeye hajaulizwa, wewe hujalipwa, na huna pa kulalamika kwa sababu ulikubali mwenyewe. Linaniuma sana jambo hili, kwa kuwa wanaonaswa ni wale wenye kiu ya kutambuliwa.

Kiingilio si kosa, yapo mashindano ya heshima yanayotoza. Ila usikope kwa ajili hiyo: World Press Photo, lililoanza mwaka 1955 na lenye makao yake Amsterdam, ni bure kushiriki.

Na huyo mama wa mihogo, mwombe ruhusa, mwandike jina lake sawasawa, na kama ni mtoto umempiga, mzazi asaini. Maelezo ya picha yaandike jioni ileile: nani, wapi, lini, anafanya nini. Ukingoja tangazo la shindano utakuwa umeshasahau nusu.

Ukifika hata orodha ya mwisho tu, usione haya. Jambo hilo liweke kwenye wasifu wako, mpelekee mhariri unayemfahamu, na mteja wa harusi ijayo mtajie bei mpya bila kuinamisha kichwa.