Kupe wa Iringa, dawa ya Texas

SWALI: Daktari, niko Houston. Ng'ombe wa mama huko Iringa wanaogeshwa kila wiki, lakini kupe hawafi. Nitume dawa kali ya huku?

JIBU: Usitume, ndugu yangu; hata huko dawa haikumaliza kupe wote. Marekani ilianza kampeni ya kuangamiza kupe wa ng'ombe 1906. Kufikia 1943 kupe hao walibaki tu katika ukanda wa karantini kando ya mto Rio Grande. Ng'ambo ya mto, Mexico, wapo wasiosikia dawa za makundi kadhaa.

Kupe hazoei dawa kama mtu azoeavyo pilipili. Wachache waliozaliwa na ukinzani ndio wanaosalia, na jike mmoja wa kupe bluu hutaga mayai zaidi ya 2,000.

Ila tusiwasingizie kupe bure. Nani anapima dawa, na kwa kipimo gani? Kama ni kifuniko cha soda, hapo ndipo pa kuanzia. Kisha mama afunue masikio: kupe wa ndigana kali hujificha ndani, dawa ya kunyunyizia isipofika. Vipimo vikiwa sawa na bado hawafi, amwone afisa mifugo, abadili kiini cha dawa, si chapa. Chupa mbili za rangi tofauti huweza kuwa na kiini kilekile, amitrazi.