Redio ya Kubadilishana

Wapenzi wa redio za kurusha na kupokea mawimbi hukutana ili kuzungumza na kubadilishana vyombo vilivyotumika. Mkutano wao mmoja mashuhuri ulianza Dayton, Marekani, mwaka 1952. Hapa Tanzania, mwenye leseni hujitambulisha hewani kwa alama inayoanza na 5H.

Tuseme mkazi wa Shelui mwenye leseni amepata redio kwa kubadilishana, naye ataka kurusha mawimbi yenye urefu wa mita 40. Asiiwashe ovyo! Antena yake iwe waya wa nusu ya wimbi, yaani mita 20 hivi. Waya huo hukatwa katikati, na redio huunganishwa hapo. Urefu usipofaa, nguvu nyingi hurudi redioni, na chombo huweza kuungua.

Pimeni mita 20 uwanjani. Je, kwa wimbi la mita 10, waya uwe na urefu gani?