Kusoma Peke Yako na Kusoma Pamoja

Wengi wenu msomao gazeti hili mnatumaini kuingia Chuo Kikuu kusoma sayansi. Yafaa mjue mapema kwamba kuingia ni jambo moja na kumaliza ni jambo jingine. Huko Marekani jambo hili limechunguzwa sana, kwa kuwa wanafunzi weusi, ambao ni wachache katika vyuo vingi vya huko, wamekuwa wakiyaacha masomo ya sayansi kwa wingi kuliko wengine.

Katika miaka ya 1970 kijana mmoja, Uri Treisman, alikuwa akifundisha hesabu katika Chuo Kikuu cha California kilichoko Berkeley. Aliona kwamba weusi walianguka katika kalkulasi, ambayo pasipo hiyo hapana njia ya kuendea fizikia wala uhandisi, hali wenzao wa asili ya Kichina walifaulu. Akawauliza walimu sababu. Wakamjibu: hawana bidii, au shule walizotoka ni mbaya, au wazazi wao hawajali elimu, au ni umaskini. Treisman hakuridhika. Akachagua wanafunzi 20 wa kila kundi, akawafuata hadi walikosomea ili aone wasomavyo.

Aliyoyaona hayakupatana na majibu yale. Wengi wa weusi hao walikuwa hodari katika shule zao, na wazazi wao walitamani sana wafike chuoni. Tena walisoma saa 8 kwa juma, kama walivyoagizwa. Lakini kila mmoja alisoma peke yake. Wale wa asili ya Kichina walisoma saa zipatazo 14: kwanza kila mtu peke yake, kisha wakakutana, wakalinganisha majibu, wakasahihishana, wakajaribu maswali ya mitihani iliyopita. Kati yao, aliyekosea aliambiwa usiku ule ule. Msomaji wa peke yake alilijua kosa lake karatasi iliporudi, naye hakuweza kujua kama swali lilimshinda yeye tu au liliwashinda wote. Mtu wa namna hiyo huanza kudhani kwamba sayansi si yake.

Basi mwaka 1978 kikaanzishwa chama cha kufanyia hesabu pamoja. Hakikuitwa darasa la walioshindwa, na hapo ndipo naona busara kubwa ya jambo lenyewe, kwani kijana aliyekuwa wa kwanza kwao hakubali kuketi benchi la wajinga, hata kama anazama. Walialikwa kama watu hodari, wakapewa maswali magumu, wakayafanya kwa vikundi vidogo. Msimamizi alipita akisikiliza na kudokeza, wala hakuhutubu. Waliohudhuria walifaulu kuliko weusi wenzao ambao hawakuhudhuria.

Mwaka 1988 chuo kingine, UMBC cha Maryland, kilianzisha mpango wa Meyerhoff chini ya Freeman Hrabowski. Wanafunzi 19 wa kwanza waliingia mwaka 1989. Huko wapya huja kabla ya muhula, wakasoma na kuishi pamoja majuma sita, nao hupewa fedha za masomo. Maana, wazazi mnajua, kikundi hakilipi karo. Kizzmekia Corbett alipitia mpango huo, akahitimu mwaka 2008, na mwaka 2020 alikuwa miongoni mwa wanasayansi walioshiriki kutafuta chanjo ya korona.

Hapa shuleni jambo hili laweza kujaribiwa jioni, bila kungoja Chuo Kikuu. Watu wanne au watano watosha. Mwalimu achague maswali matatu magumu. Yale mepesi hayafai, kwa sababu hapana la kuzungumza. Wale wachache wa darasa, kama wasichana wawili katika darasa la fizikia lenye wavulana thelathini, wasitawanywe mmoja mmoja kila kikundi, bali wakae pamoja. Kila mtu aje na kazi yake aliyokwisha kuijaribu. Atakayekuja na daftari tupu arudi kwanza mezani kwake, ajaribu nusu saa, ndipo aje.