Pasta Unayepona, Soma Biblia kama Mgonjwa

Umetoka hospitali, uko nyumbani Hewa Bora, Lubumbashi. Waumini wanapita asubuhi na jioni kukuombea, na mimbari yako imeshikwa na mwingine. Unafungua Biblia, lakini mistari miwili tu na herufi zinaanza kucheza. Usijitie hofu. Imani ipo, mwili ndio haujarudi. Fanya hivi.

Acha kutafuta mahubiri. Hili ndilo kubwa. Mhubiri akizoea kazi, kila sura anaiona kama somo la Jumapili. Majuma haya soma ya kwako mwenyewe. Mpishi naye hula. Wazo la mahubiri likikujia, liandike kwa mstari mmoja nyuma ya daftari, kisha endelea kusoma.

Soma kidogo. Zaburi 119 ina mistari 176, nayo imegawanywa katika sehemu 22 za mistari minane minane. Chukua sehemu moja kwa siku, utakuwa na chakula cha wiki tatu na siku moja. Siku ya homa, soma Zaburi 117. Ina mistari miwili tu, na inatosha.

Usishindane na mtu. Mmisionari David Livingstone aliandika kwamba alisoma Biblia nzima mara nne alipokuwa Manyema. Mwaka 1870 alikwama miezi mingi huko Bambare, Kabambare ya leo, na kilichomzuia kutembea kilikuwa vidonda vya miguu. Wewe uliyetoka kwenye malaria kali au upasuaji, hata kushika kitabu ni kazi. Nenda na kipimo chako.

Chagua saa na mkao. Soma wakati kichwa ni chepesi. Kwa wengi ni asubuhi, wakishakula na kumeza dawa. Juni na Julai baridi ya Lubumbashi huuma, basi ngoja jua lipande ndipo usogeze kiti mlangoni. Weka mto mapajani na Biblia juu yake, mikono isichoke. Teremsha kipande cha karatasi chini ya kila mstari unaousoma, macho hayatapotea.

Macho yakikataa, tumia masikio. Siku ukiwa na mega za kutosha, pakua Biblia ya sauti, na uchaji simu umeme ukiwepo. Au mwite mtoto akusomee Injili ya Marko, sura moja kila jioni. Zipo 16. Mwambie asome polepole, na usimsahihishe kila neno.

Maliza dawa. Hezekia aliomba kwa machozi, na Mungu akamwongezea miaka 15. Hata hivyo Isaya aliagiza mkate wa tini uwekwe kwenye jipu lake. Soma Isaya 38, vyote viwili vimo. Kama umepewa dawa za miezi sita, kunywa za miezi sita, hata ukijisikia mzima mwezi wa pili. Anayekuambia uziache ili uonyeshe imani, mshukuru kwa kukutembelea, kisha umeze dawa yako.

Kufunga na kukesha vingoje. Eliya alipochoka hadi kutamani kufa, malaika hakumpa mahubiri. Alimlisha, akamwacha alale, akamlisha tena. Iko katika 1 Wafalme 19. Kula bukari yako, ulale. Siku ya kuanza kufunga, muulize daktari kwanza.

Wape wageni kazi. Mama pasta au mzee mmoja wa kanisa ashike mlango. Apange saa ya wageni, na kila mmoja akae muda mfupi. Habari za michango na ugomvi wa kwaya zibaki nje. Kila anayeingia akusomee zaburi moja, aombe kwa ufupi, aende. Utapata Neno bila kuinua kichwa kwenye mto.

Usikubali kesi ya dhambi. Atatokea wa kuuliza umekosa nini hadi ukaugua hivyo. Mfungulie 2 Timotheo 4:20. Paulo, aliyeombea wagonjwa wakapona, alimwacha mwenzake Trofimo akiwa hawezi huko Mileto, na hakumlaumu kwa lolote. Kisha mfungulie Wafilipi 2: Epafrodito aliugua karibu ya kufa, na Paulo akaagiza apokewe kwa heshima.

Sema kweli ukiomba. Ukiwa na hasira au woga, usiongee na Mungu kwa sauti ya mimbarini. Andika mistari mitatu kwenye daftari: nilichosoma, kinachoniuma, ninachoomba. Tia tarehe. Usimwonyeshe mtu.

Rudi kidogokidogo. Jumapili ya kwanza kaa tu kwenye ibada. Ya pili, toa baraka. Daktari akiridhika, hubiri dakika kumi, na uhubiri umeketi. Luka 4 inasema Yesu alisimama kusoma, kisha akaketi kufundisha, kwa hiyo kiti si aibu. Maikrofoni iwe karibu na mdomo usilazimike kupaza sauti. Mwingine asome andiko na kuongoza maombi. Somo likitafutwa, fungua nyuma ya daftari. Magoti yakianza kutetemeka, sema amina hapohapo, uondoke kabla msururu wa kusalimiana haujaanza. Watakusalimia Jumapili ijayo.