Penseli, Wino na Kompyuta: Kazi ya Mchoraji wa Vielelezo

Kama ulilisoma gazeti letu la mwaka jana, bila shaka unalikumbuka jalada lake. Lilikuwa na picha ya mzee ameketi chini ya mwembe akiwasimulia watoto hadithi. Angalau hiyo ndiyo picha tuliyoipeleka mjini. Iliyorudi ilikuwa ya mzee asiye na macho, amekaa katika ukungu, na majani ya mwembe yamegeuka rangi ya matope. Mwenzetu wa Kidato cha Tatu aliyeichora alitaniwa bwenini muhula mzima. "Msanii, mzee wako macho aliyaweka rehani?" Watu wakaangua kicheko. Yeye akanyamaza, akazigawa penseli zake, akaacha kuchora.

Maskini, kosa halikuwa lake hata kidogo. Nimeiandika makala hii kwa sababu hiyo, na pia kwa sababu wengi wetu hatujui kazi ya mchoraji inaanzia wapi na kuishia wapi.

Kwanza, mchoraji wa vielelezo ni nani? Yule anayechora picha ya kutundikwa ukutani huchora apendavyo moyoni. Mchoraji wa vielelezo naye ana mabwana wawili: maneno ya mwandishi na mashine ya kupiga chapa. Hadithi ikisema Fatuma alijitwika mtungi, huwezi kumchora na ndoo. Mtoto wa darasa la pili atakuumbua! Na hata ukiuchora mtungi vizuri namna gani, kama mashine haiwezi kuutoa ulivyo, kazi yako imeharibika.

Hapa kwetu Kenya kazi hii ina wenyewe. Wazazi wetu walicheka na Juha Kalulu wa Edward Gitau katika Taifa Leo. Mwaka 1973 Terry Hirst, mchoraji aliyetoka Uingereza, alishirikiana na mwandishi Hilary Ng'weno kuanzisha gazeti la Joe, ambalo lilijaa katuni za maisha ya mtu wa kawaida mjini. Frank Odoi alitoka Ghana akaja kuchora hapa, akaishi Nairobi mpaka alipofariki katika ajali ya barabarani mwaka 2012. Gado naye, mzaliwa wa Dar es Salaam, alijiunga na magazeti ya Nation mwaka 1992. Ninawataja hawa ili mtu asije akasema uchoraji ni mchezo wa wasiojua hesabu.

Sasa tuingie kazini. Kwa njia ya zamani, mchoraji huanza na vijipicha vidogo vidogo, kila kimoja kama stempu, ili aone nani atakaa wapi. Akipata mpangilio unaomridhisha, huuchora kwa ukubwa wake kwa penseli, polepole, akifuta na kurudia. Kisha huja wino. Hapo ndipo mikono hutetemeka. Wino wa mchoraji anayenuia kupaka rangi za maji juu yake sharti uwe ule usioyeyuka ukikauka, la sivyo rangi ikipita tu mistari yote inatiririka kama machozi. Vivuli hufanywa kwa mistari myembamba iliyosongamana. Unapotaka giza zaidi, unaikata mistari hiyo kwa mistari mingine. Penseli hufutwa kwa raba wino ukishakauka kabisa. Nasema kabisa, kwa sababu mimi mwenyewe sikungoja.

Kuna Mwingereza mmoja, Quentin Blake, aliyezaliwa mwaka 1932, ambaye ndiye aliyechora picha za vitabu vingi vya Roald Dahl. Njia yake inanipendeza sana. Huweka rasimu juu ya meza ya kioo yenye taa chini yake, akaifunika kwa karatasi nzito ya rangi za maji, kisha akachora upya kwa kalamu ya kuchovya huku akiiona rasimu kwa mbali. Hafuatishi mistari ya chini kama mtoto anayenakili ramani. Rasimu inamwonyesha tu mahali, na mkono unaachwa uende. Ndiyo maana watu wake wanaonekana kama wanataka kuruka kutoka kwenye ukurasa. Nilijaribu njia hiyo kwenye dirisha la bweni, jua likiwa ndiyo taa yangu. Picha ya tatu ilikuwa nzuri kuliko rasimu yenyewe. Ya nne niliidondoshea tone la wino, na tone la wino halijui kuombwa radhi.

Hapo sasa ndipo mashabiki wa kompyuta wanapopiga makofi. Kwenye kompyuta, ukikosea, unabonyeza tu na kosa linaondoka. Katika mjadala wetu wa chama muhula uliopita, ndugu mmoja alisimama akasema kwa sauti kubwa, "Basi huo si uchoraji, mashine inamchorea!" Nilitaka kumjibu lakini kengele ikalia, kwa hiyo ninamjibu hapa.

Mchoraji wa kompyuta hushika kalamu maalumu na kuchora juu ya ubao unaohisi mkono wake. Akikandamiza, mstari unanenepa, akilegeza, unakonda. Asiyejua kuchora mkono wa binadamu kwa penseli hataujua kwa kalamu hiyo, na vidole vitabaki kama ndizi vilevile. Faida kubwa, kwa maoni yangu, si ule ufutaji. Faida ni matabaka. Fikiria karatasi angavu za plastiki zilizopangwa moja juu ya nyingine: ya chini ina mwembe, ya kati ina mzee, ya juu ina mistari ya wino. Ukitaka kumsogeza mzee kushoto, unalisogeza tabaka lake peke yake, na mwembe haujui lolote. Kwenye karatasi ya kawaida ungechora yote upya. Programu za kufanyia hivyo si lazima zinunuliwe. GIMP na Krita hutolewa bure, na GIMP ndiyo tuliyo nayo kwenye maabara ya kompyuta. (Siku hizi zipo pia programu ambazo unaziandikia maneno zikakutolea picha. Hizo ni habari nyingine, wala sizizungumzii hapa.)

Mwenzetu alitumia njia zote mbili. Alichora kwa penseli na wino kwenye karatasi ya A4, akaiskani, halafu akapaka rangi kwenye kompyuta. Kazi safi. Balaa lilianzia baadaye, na tafadhali fuata hesabu hii.

Picha ya kompyuta imejengwa kwa nukta ndogo mno ziitwazo pikseli. Ili picha itoke vizuri kwenye karatasi, kila inchi moja huhitaji nukta zipatazo 300. Upana wa A4 ni sentimita 21, yaani inchi 8.27. Zidisha kwa 300, unapata nukta 2,480 hivi. Urefu wake ni sentimita 29.7, nao unatoa nukta 3,508. Kwa jumla ni zaidi ya nukta milioni nane na nusu. Faili la mwenzetu lilikuwa nazo zote.

Kilichotokea ni kwamba picha ilitumwa kwa WhatsApp, ambayo huikamua picha ili ipite upesi. Kisha aliyeipokea akaipiga skrinshoti kwenye simu yake, na hiyo skrinshoti ndiyo iliyokwenda kwa mpiga chapa. Upana wa kioo cha simu hiyo ni nukta 720. Gawanya 720 kwa 8.27: nukta 87 kwa inchi badala ya 300! Katika kila nukta kumi za mwanzo, haikubaki hata moja. Macho ya mzee, ambayo yalikuwa madogo kama punje za mtama, yangebaki wapi? (Aliyepiga skrinshoti ni mwalimu wetu mlezi. Ameniruhusu niseme, akacheka, halafu akasema nisirudie.)

Na rangi ya matope je? Kioo cha simu hutoa rangi kwa mwanga wa aina tatu: nyekundu, kijani na buluu. Mashine ya chapa haina mwanga, ina wino: samawati, waridi iliyokolea, manjano na nyeusi. Kuna kijani kikali kinachong'aa kwenye kioo ambacho wino hizo nne haziwezi kukifikia. Mashine hutafuta rangi iliyo karibu, na mara nyingi hufifia. Mchoraji mzoefu huibadili picha iwe ya rangi za chapa mapema, akaona itakavyofifia, akairekebisha mwenyewe kabla haijatoka mkononi mwake.

Jambo moja zaidi, nalo linaniuma. Gazeti la mwaka jana halikulichapa jina la mchoraji popote. Majina ya watunzi wa mashairi yalikuwepo, hata la aliyepiga chapa lilikuwepo. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 humlinda mchoraji kama inavyomlinda mwandishi: haki katika mchoro hudumu maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa kwake, na ana haki ya kutambuliwa kwamba kazi ni yake. Tulikumbuka kuandika jina siku alipohitaji kuchekwa tu.

Nilimpelekea hesabu hizi zote bwenini, nikamwonyesha faili lake la asili kwenye maabara. Akaitazama ile picha kimya kwa muda mrefu. Kisha akauliza, "Penseli ya 2B alichukua nani?"

Jalada la mwaka huu ni lake, na jina lake liko chini, upande wa kulia. Anayetaka kuchora la mwaka ujao amletee katibu wa chama karatasi yenyewe kabla ya likizo ya Agosti, au faili katika diski mkononi. Kama hapana budi itumwe kwa WhatsApp, basi itumwe kama hati, si kama picha. Hapo haikamuliwi.