Adrien Niyonshuti, Mshindani wa Kinga

Watoto, kinga, ao baiskeli, mnaijua vema. Hapa Bukama mnaona watu wakisukuma kinga zilizofungwa magunia ya makala ao samaki wa Lualaba. Lakini kuna watu ambao kazi yao ni kushindana kwa kinga, nao wanalipwa mshahara. Kule Ulaya kazi hiyo ni ya zamani: mwaka 1896 Mjerumani Josef Fischer alishinda mashindano ya kwanza ya kutoka Paris mpaka Roubaix, kilometa 280. Leo tunasoma juu ya Mnyarwanda wa kwanza kufanya kazi hiyo.

Adrien Niyonshuti alizaliwa mwaka 1987 katika Rwamagana, mashariki ya Rwanda. Alipokuwa na miaka 7, mwaka 1994, yakatokea mauaji ya kimbari. Ndugu zake sita wakauawa. Yeye akapona.

Alipokuwa kijana, jamaa yake mmoja akampa kinga ya zamani. Rwanda ni nchi ya milima. Kupanda kunaumiza miguu, lakini kunaitia nguvu. Mwaka 2006 Mmarekani Tom Ritchey, fundi wa kinga, alifanya mashindano huko, hata ya kinga za mbao zinazofanana na chukudu za Goma. Wageni wakaona nguvu za Adrien. Mwaka 2008 akashinda Tour du Rwanda. Mwaka 2009 timu moja ya Afrika ya Kusini ikamwandika kazi.

Mwaka 2012 akaenda London kwa michezo ya Olimpiki, akabeba bendera ya nchi yake. Njia ya mashindano ilizunguka vilima vya mawe, na miteremko yake ilitisha. Sheria nayo ilikuwa kali: mtu akiachwa mbali sana na wa kwanza, anatolewa njiani. Basi Adrien hakutafuta medali. Alitaka kufika mwisho tu. Julien Absalon wa Ufaransa, aliyekwisha kushinda Olimpiki mara mbili, tairi yake ikatoboka, naye akaacha. Mcheki Jaroslav Kulhavý akashinda. Adrien akaendelea kukanyaga, akafika wa 39. Wanyarwanda wakafurahi kama kwamba ameshinda, na mimi naona walikuwa na haki.

Baadaye akafungua shule ya kinga kwao Rwamagana, kufundisha vijana. Mwaka 2025 Kigali ikapokea mashindano ya dunia ya kinga za barabara, mara ya kwanza katika Afrika.

Maulizo: Kwa nini Adrien hakutafuta medali? Absalon alipatwa na nini? Kinga za kwenu zinabeba nini?